Simu imesasishwa, memori kadi haisomeki: usikubali kufomati kabla ya kusoma haya

Simu imelala kwenye chaja, usiku imejisasisha, asubuhi imewaka ikiwa na sura mpya. Unafungua picha, hakuna kitu. Nyimbo hazipo. Juu ya kioo kuna ujumbe unaosema memori kadi ina hitilafu, na chini yake kitufe kinachokualika uifomati ili uendelee kuitumia.

Swali hili linatufikia mara kwa mara kutoka kwa wasikilizaji wetu, hasa baada ya simu kupata apdeti kubwa. Wengi wanapotuuliza wameshabonyeza kile kitufe, na hapo kazi ya kuokoa picha huwa ngumu zaidi. Ndiyo maana tumeandika makala haya, uyahifadhi kwenye simu yako au umsomee mwenzako. Jambo la kwanza ni hili: kadi isiyosomeka si lazima iwe imepoteza vitu vyako. Mara nyingi picha bado zipo, ila simu imeshindwa kuzifikia. Kinachoziangamiza ni haraka yetu wenyewe.

Kwanza tuelewe kadi inavyofanya kazi

Chukulia memori kadi kama ghala la mazao la chama cha ushirika. Magunia ndiyo picha zako, nyimbo, video na nyaraka. Mlangoni kuna leja inayoonyesha gunia la nani liko safu ipi. Mtunza ghala ni mfumo endeshi wa simu, yaani ile programu kuu inayoendesha kila kitu, ambayo kwa simu nyingi tunazotumia ni Android.

Unapoomba picha, mtunza ghala haanzi kupekua gunia moja moja. Anafungua leja, anatazama mstari, anakwenda moja kwa moja. Sasa kusasisha simu ni kama kubadilishiwa mtunza ghala. Magunia hayajaguswa, lakini huyu mpya anaweza kuwa amekuja na masharti mapya, au hana ufunguo, au ameikuta leja imelowa na haisomeki. Kwa mwenye mzigo, hali zote hizo zinafanana: unaambiwa mzigo haupo.

Na kufomati ni nini? Ni kuichana leja ya zamani na kuweka mpya isiyo na kitu. Kwa kawaida magunia hubaki palepale kwa muda, lakini ghala limeshahesabiwa kuwa tupu, na kila kitu kipya kinachoingia kinawekwa juu ya cha zamani. Ndiyo maana tunasema usifomati, na kama umeshafomati, usipige picha nyingine hata moja kwenye kadi hiyo.

Hatua tano za kuanza nazo

Kabla ya kwenda kwa fundi, fanya haya kwa utaratibu huu.

1. Ujumbe wa kufomati ukitokea, uache. Rudi nyuma au funga kioo.

2. Zima simu kabisa, kisha iwashe tena. Baada ya apdeti kubwa simu huwa na kazi nyingi za ndani, ikiwemo kuhesabu upya picha na nyimbo zote. Kadi yenye maelfu ya picha inaweza kuchukua muda kabla vitu havijaonekana. Iache kwenye chaja kwa saa moja au zaidi kabla ya kusema imeharibika.

3. Ikibaki vilevile, zima simu, toa kadi, ifute taratibu sehemu zile za rangi ya dhahabu kwa kitambaa laini kikavu, kisha irudishe ikae sawasawa. Vumbi na jasho vinatosha kuikatisha mawasiliano. Usiikwaruze kwa wembe wala usiilambe.

4. Kama bado, ijaribu kadi hiyo kwenye simu nyingine, au kwenye kompyuta kwa kutumia kisoma kadi. Huko nako ukiulizwa kufomati, kataa.

5. Jaribu kadi nyingine kwenye simu yako. Ikisomeka, tundu la kadi ni zima na tatizo liko kwenye kadi ya kwanza. Isiposomeka hata hiyo, tatizo liko kwenye simu, na kadi yako huenda haina ugonjwa wowote.

Hatua ya nne na ya tano hazihitaji hela, zinahitaji jirani mwenye simu tu. Majibu yake ndiyo yanayokuonyesha uko kwenye hali ipi kati ya hizi tano zinazofuata.

Hali ya kwanza: vitu vipo, ila programu haivioni

Hii ndiyo nyepesi kuliko zote. Kadi inasomeka, nafasi iliyotumika inaonekana ni ileile, lakini programu ya picha au ya muziki iko tupu.

Sababu yake ni sheria mpya za usalama. Kuanzia Android 10 iliyotoka mwaka 2019, na kwa ukali zaidi Android 11 ya mwaka 2020, programu haziruhusiwi tena kuingia kila chumba cha simu na kadi kama zamani. Kila programu imepewa chumba chake, na ikitaka kuona vya wengine lazima wewe mwenyewe uiruhusu. Ni sheria nzuri, kwa sababu hapo awali programu ya tochi ingeweza kupekua picha zako zote. Lakini simu ikiruka kutoka toleo la zamani kwenda jipya, programu uliyoizoea inaweza kujikuta nje ya mlango.

Dawa yake: ingia kwenye mipangilio ya simu, tafuta sehemu ya programu, chagua ile inayogoma, kisha fungua ruhusa na uiruhusu kuona picha, muziki au mafaili. Isasishe pia programu yenyewe, kwa sababu ya zamani inaweza isijue sheria mpya. Halafu tumia programu ya mafaili iliyokuja na simu kukagua folda moja moja.

Wanaotafuta picha za WhatsApp wafahamu jambo moja. Katika simu za Android za sasa, folda yake haiko tena mwanzoni mwa hifadhi ya simu kama zamani. Fungua folda iitwayo Android, kisha media, kisha com.whatsapp. Mtu anayetazama mahali pa zamani anaweza kudhani zimefutika kumbe zimehamishwa chumba.

Hali ya pili: kadi imefungwa kwa ufunguo wa simu

Hii ndiyo inayoleta majonzi zaidi.

Tangu Android 6 iliyotoka mwaka 2015, baadhi ya simu huuliza swali unapoweka kadi mpya: uitumie kama hifadhi ya kuhamishika, au kama sehemu ya hifadhi ya ndani ya simu? Mtu ambaye simu yake imejaa huchagua hifadhi ya ndani, maana anaona nafasi inaongezeka. Simu hapo huifomati kadi na kuifunga kwa maandishi ya siri. Ufunguo wa siri hiyo unakaa ndani ya simu ile peke yake. Kadi ukiipeleka kwenye simu nyingine au kompyuta, itaonekana kama imeharibika au haina kitu, hata kama ni nzima kabisa. Baadhi ya simu za Samsung nazo zina kipengele cha kuifunga kadi kwa siri, na matokeo yake ni hayohayo.

Kama kadi yako ni ya aina hii na imegoma baada ya apdeti, irudishe kwenye simu ileile, uzime na kuwasha. Simu ikisema kadi haipo na kukupa kitufe cha kuisahau, usikibonyeze. Kwa simu, kusahau kadi maana yake ni kutupa ufunguo. Usikubali pia simu irudishwe kama ilivyotoka kiwandani, maana hapo ufunguo unafutika na hakuna fundi wa kijijini wala wa mjini atakayeifungua kadi hiyo tena.

Hapa tutofautishe maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Kusasisha ni simu kupokea toleo jipya kutoka kwa mtengenezaji, na kwa kawaida vitu vyako hubaki. Kuflashi ni fundi kuipandikizia simu mfumo upya kwa kompyuta, na mara nyingi kila kilichomo ndani hufutika, ufunguo wa kadi ukiwemo. Simu ikigoma kuwaka baada ya apdeti, fundi wengi watakwambia dawa ni kuflashi. Inawezekana ni kweli, lakini muulize kwanza: je, kadi yangu ilikuwa imeunganishwa na hifadhi ya ndani? Kama ilikuwa hivyo, kuflashi kutaiokoa simu na kuzika picha.

Hali ya tatu: leja imeharibika

Simu husasishwa kwa kuzima na kuwaka, wakati mwingine zaidi ya mara moja. Ikizimika ghafla kwa kuishiwa chaji, au mtu akichomoa kadi wakati simu bado inaandika, leja inaweza kubaki nusu. Magunia yapo, maandishi ya leja hayaeleweki. Simu inasema kadi ina hitilafu.

Msikilizaji mmoja, katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, alitueleza kuwa daftari la kikundi lilikuwa limeharibiwa na mvua, na kumbukumbu pekee iliyobaki ya nani kakopa na nani karejesha ilikuwa picha za kurasa zake kwenye memori kadi. Kadi ikagoma siku chache kabla ya mgawo wa mwaka. Simu ilikuwa inamshauri afomati. Hakufomati; aliitoa, akaifunga kwenye karatasi na kuipeleka kwa mtu mwenye kompyuta. Kurasa karibu zote zilipatikana, zikiwa zimepoteza majina ya mafaili tu. Kazi ya kuzipanga upya ilichukua jioni nzima, lakini mgawo ulifanyika na hakuna mwanachama aliyedhulumiwa.

Njia iliyotumika si ya siri. Ipo programu ya bure iitwayo PhotoRec, inayofanya kazi kwenye kompyuta za Windows na nyinginezo. Yenyewe haitegemei leja. Inapita ghala zima, ikikuta kitu chenye umbo la picha, video au waraka, inakinakili. Kwa sababu leja haikutumika, majina ya zamani hayarudi; utapata picha zenye majina ya namba.

Sharti ni moja, na fundi akilivunja mwondokee: vitu vinavyookolewa vihifadhiwe kwenye kompyuta au diski nyingine, kamwe si kwenye kadi ileile inayookolewa.

Kompyuta ya Windows inaweza pia kujitolea kuirekebisha kadi. Marekebisho hayo yanaandika juu ya leja. Yakifanikiwa ni vizuri, yakishindwa yanaweza kuharibu zaidi. Kwa hiyo nakili kwanza, rekebisha baadaye.

Hali ya nne: kadi na kifaa havizungumzi lugha moja

Leja huandikwa kwa mitindo tofauti. Miwili inayotuhusu inaitwa FAT32 na exFAT. Kadi za GB 32 kushuka chini kwa kawaida hutoka dukani zikiwa na FAT32. Kuanzia GB 64 kwenda juu hutoka na exFAT. Mtindo wa FAT32 ni wa zamani na unasomwa na karibu kila kifaa, ila hauwezi kubeba faili moja lenye ukubwa wa kufikia GB 4, kwa mfano video ndefu ya harusi.

Mtindo wa exFAT ulikuwa mali ya kampuni ya Microsoft, na kwa miaka mingi si kila mtengenezaji wa simu aliuweka. Mwaka 2019 Microsoft iliufungulia mlango mfumo wa Linux, ambao ndio msingi wa Android, na tangu hapo simu nyingi mpya zinausoma. Lakini simu ya zamani, au iliyoflashiwa mfumo usio wake, inaweza kushindwa kuisoma kadi ya GB 64 iliyokuwa ikisomeka jana.

Wasikilizaji wa redio ndogo za memori na spika za kuchaji, hii inawahusu sana. Redio nyingi za aina hiyo zinajua FAT32 peke yake. Simu ikishaifomati kadi kwa mtindo wa exFAT, simu itapiga nyimbo vizuri, redio itakaa kimya. Wala redio haijafa, wala kadi haijafa. Tumia kadi ya GB 32 au ndogo zaidi kwa ajili ya redio, yenye FAT32, na nyingine kwa ajili ya simu. Ukitaka kuibadilisha mtindo, lazima ifomatiwe, hivyo nakili nyimbo zako kwanza.

Hali ya tano: kadi imechoka, au ilikuwa feki tangu mwanzo

Memori kadi haina mashine inayozunguka, lakini inachakaa. Kila sehemu yake ina idadi ya mara ambazo inaweza kuandikwa na kufutwa. Kuna kadi ambazo zikikaribia mwisho hujifunga zisiandikike tena: unafuta picha, ukiwasha simu imerudi. Dalili hiyo usiichukulie kama uchawi. Ni kadi inakuaga. Nakili kila kitu siku hiyohiyo.

Kadi feki ni jambo lingine. Imeandikwa GB 128, ndani ina GB 8, na imedanganywa iiambie simu kuwa ni kubwa. Utaweka vitu bila shida mpaka ujazo wa kweli uishe, halafu vinavyofuata vinaonekana kwa jina lakini havifunguki. Apdeti ikitokea wakati huo, lawama zinaiangukia apdeti. Kadi mpya ikaguliwe ingali tupu: kwenye kompyuta ya Windows kuna programu ya bure iitwayo H2testw, inayoijaza kadi hadi mwisho na kusoma tena ili kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichomo. Usiijaribu kwenye kadi yenye vitu. Kama huna kompyuta, ogopa bei isiyoeleweka. Kadi kubwa inayouzwa kwa bei ya ndogo ina sababu yake.

Ukifika kwa fundi

Usimkabidhi kadi na kuondoka. Mwambie mambo manne: sitaki ifomatiwe, nataka vitu viokolewe kwanza, vihifadhiwe kwenye diski nyingine, na malipo yatokane na kilichopatikana. Mwambie ni vitu gani unavitafuta, kwa mfano picha za cheti cha kuzaliwa au mkataba wa shamba, ili navyo vikipatikana mvifungue pamoja kuhakikisha vinasomeka.

Kumbuka pia kadi hiyo ina maisha yako. Kama unaweza, kaa pale kazi ikifanyika, na mwishoni mwombe fundi afute nakala zilizobaki kwenye kompyuta yake.

Kabla hujabonyeza kusasisha

Baada ya haya yote wapo watakaosema basi hatusasishi tena. Hapana. Apdeti huziba matundu ambayo wezi wa mtandaoni huyatumia kuingia kwenye simu, na simu zetu siku hizi ndizo zinazobeba hela. Hatari haimo kwenye kusasisha. Imo kwenye kusasisha ukiwa na nakala moja tu.

Hata kampuni kubwa hukosea. Tarehe 2 Oktoba 2018 Microsoft ilianza kutoa toleo jipya la Windows 10. Siku chache baadaye ililisimamisha, baada ya baadhi ya watumiaji kulalamika kuwa nyaraka na picha zao zimefutika, na ikalitoa tena tarehe 13 Novemba likiwa limerekebishwa. Waliokuwa na nakala pembeni walikasirika kidogo. Wasiokuwa nazo walilia.

Kwa hiyo, kabla ya apdeti:

- Nakili picha na nyaraka muhimu mahali pengine: kompyuta, flashi, au kadi ya pili. Kama bando linaruhusu, ziweke pia kwenye hifadhi ya mtandaoni. Ikiwa bando ni dogo, chagua zile zisizoweza kupatikana tena: picha za waliotangulia mbele za haki, vyeti, mikataba, kumbukumbu za kikundi.
- Chaji simu ijae nusu au zaidi, na siku ya umeme wa mashaka usianze.
- Angalia kwenye mipangilio kama kadi yako ni ya kuhamishika au imeunganishwa na hifadhi ya ndani. Kama ni ya kuhamishika, zima simu na uitoe kabla ya kusasisha, uirudishe simu ikishatulia. Kama imeunganishwa, iache palepale, maana simu inaihitaji.
- Acha nafasi ya kutosha kwenye simu. Simu iliyojaa mpaka shingoni husumbuka kusasishwa.

Na kumbukumbu za kikundi zisikae kwa katibu peke yake. Picha za kurasa za daftari zikitumwa pia kwa mwenyekiti na mweka hazina kila baada ya kikao, kadi moja ikigoma, mbili zinabaki. Gharama yake ni bando dogo.

Ukikutana na hali ambayo hatukuigusa, tutumie ujumbe kwa namba unayoisikia hewani, ukitaja aina ya simu, ukubwa wa kadi na maneno yaliyotokea kwenye kioo. Wakati unasubiri jibu, itoe kadi, ifunge kwenye karatasi kavu, uiweke mbali na watoto. Humo ndani vitu vyako vinaweza kusubiri.